Kifungu cha Kumi na Tisa

Les Combottes, 4 Oktoba 1914

Dada mpendwa Octavie,

Pokea salamu zangu na za Baba, na umbusu Rosine mashavu yote mawili kwa niaba ya mama yake mdogo. Sisi huku ni wazima. Baba analalamika mgongo kama kila baridi inapokaribia, lakini hilo halimzuii kukaa dirishani kutwa nzima kwenye meza yake ya saa, kioo kimebanwa jichoni, akichonga vigurudumu vidogo kuliko punje ya ufuta. Jeshi limechukua farasi wetu. Kaka Ferréol ameandika kutoka mstari wa mbele. Anasema matope ya huko yanayashinda ya kwetu, na kwamba anautamani uji wa mahindi wa nyumbani. Sikudhani kuna mtu duniani anayeweza kuutamani.

Mimi nimeingia mwaka wa mwisho. Wiki nzima nalala bwenini mjini na kurudi nyumbani Jumapili. Mwalimu wetu, Bi Thiévent, anasema nikiendelea hivi nitafanya mtihani wa Chuo cha Ualimu mwezi wa Julai. Sijamwambia Baba, ili nisije nikamvunja moyo.

Sasa nakuuliza jambo, na usinikasirikie. Barua yako imetoka Saint-Aubrin, mji ambao ilinibidi niutafute kwenye ramani ya darasani, na unataka nikuandikie kwa jina la Octavie Pourcelot. Hilo si jina lako tangu ulipoolewa miaka minne iliyopita. Kwa nini mmehama Besançon bila kutuambia? Na shemeji Anselm yuko wapi? Baba aliisoma bahasha, akaiweka mezani, akasema, "Angalau amekumbuka jina lake," kisha akarudi kwenye kazi. Sikujua kama amefurahi au amekasirika.

Mdogo wako akupendaye,
Noémie

Saint-Aubrin, 19 Oktoba 1914

Profesa wangu mdogo,

Salamu zimefika, na mabusu Rosine ameyapata, ingawa aliyafuta kwa mkono wa gauni. Ana miaka mitatu na mdomo wa muuza samaki. Mwambie Baba ajifunge kitambaa cha sufu kiunoni, na akikataa mwambie ni mimi niliyesema, ili akatae vizuri.

Umeuliza, nakujibu, halafu barua hii uitie jikoni iungue. Siku vita vilipotangazwa, polisi walimchukua Anselm karakanani akiwa amevaa aproni. Alikuja Besançon na mjomba wake akiwa na miaka kumi na tatu. Amekaa kumi na nane. Anahesabu kwa Kifaransa hata akiwa usingizini. Lakini karatasi zake ni za Ujerumani, kwa hiyo sasa yuko kisiwani, nyuma ya waya, na wenzake elfu moja.

Na mimi nikaambiwa nifike ofisi ya mji kujiandikisha kama Mjerumani. Mimi, nisiyejua hata kuomba maji kwa Kijerumani. Mwanamke akiolewa anafuata nchi ya mumewe, ndivyo sheria isemavyo; ulikuwa unajua? Mimi sikujua. Siku ya harusi walinisomea mambo mengi, na nilikuwa natazama masharubu ya Anselm.

Nikafunga mizigo, nikapanda treni ya kwenda upande mwingine. Hapa nimeonyesha cheti changu cha kuzaliwa, ambacho kinasema kweli tupu. Hakuna aliyeuliza zaidi. Nikifungua mdomo wanasikia mtu wao. Bi Gaudin mwenye nyumba ananiita mwanangu, na nashona makoti ya askari. Huenda moja litamfikia Ferréol.

Sasa nisikilize. Jina la Rombach, la mume wangu, usiliandike popote. Usimweleze mtu. Na zaidi ya yote, usinisaidie. Nakujua, ukiona picha imepinda ukutani huwezi kula. Hii iache imepinda.

Octavie

Les Combottes, 8 Novemba 1914

Dada mpendwa,

Theluji imeanguka mapema, na nyumba ya jibini imefungwa kwa sababu wafanyakazi wote wako vitani. Ferréol ni mzima na anaomba soksi. Baba amefunga kitambaa kiunoni. Alisema kwanza kwamba hatafunga.

Nisamehe, sikuichoma barua yako. Nimeiweka ndani ya kitabu changu cha uraia, mahali ambapo hakuna atakayefungua kwa hiari yake.

Nilimuuliza Bi Thiévent darasani, bila kutaja jina, kama mwanamke aliyezaliwa Ufaransa, mwenye baba Mfaransa na kaka askari, anaweza kuwa mgeni katika nchi yake. Alituletea kitabu cha sheria na kutusomea kifungu cha kumi na tisa, polepole, mara mbili. Sidonie, binti wa mwoka mikate, akasema, "Si asiolewe na Boshi?" kwa lile tusi la kuwaita Wajerumani, na wengine wakacheka. Bi Thiévent alimsimamisha hadi kengele. Kisha akatuambia jambo ambalo nimeliandika kwenye jalada la daftari. Wajerumani walipoichukua Alsace, mkoa wetu, walidai kwamba watu wa huko ni wao kwa damu na kwa lugha. Sisi tuliwajibu kwamba mtu ni wa wale anaotaka kuishi nao. Taifa ni hiari. Ndiyo tofauti kati yetu na wao.

Kama ni hivyo, Dada, wewe ni Mfaransa kuliko sisi sote, maana sisi hatujawahi kuulizwa kama tunataka, na wewe unataka hata unapokatazwa. Nilimuuliza pia kama sheria inaweza kukosea. Akasema inaweza, lakini Jamhuri si kiziwi. Raia akiieleza kwa adabu, inasikia.

Siwezi kuvumilia uishi kwa kujibanza kama mwizi. Raia hajifichi. Nimefanya jambo moja, na nimelifanya vizuri, kwa mwandiko wangu bora kabisa. Sitakuambia bado. Nataka likufikie kama zawadi ya Krismasi.

Noémie

Kambini, pwani ya magharibi, 10 Januari 1915

Noémie,

Nawatakia mwaka mwema, wewe na Baba na Ferréol. Rosine anakohoa, lakini anakula. Barua zetu zinasomwa kabla ya kufungwa na haturuhusiwi kupita kurasa mbili, kwa hiyo nakwenda moja kwa moja.

Walikuja tarehe 22 Desemba, mchana, tukiwa mezani. Polisi wawili na karani mwenye faili. Karani akasoma, "Octavie Rombach, Mjerumani." Bi Gaudin alicheka, akamwambia amekosea mlango, hapa hakuna Boshi, huyu ni binti yangu wa milimani. Karani akampa karatasi. Aliisoma yote, midomo inacheza. Kisha akainuka, akaichukua sahani ya Rosine ikiwa nusu, akaimwaga kwenye ndoo ya nguruwe.

"Umeyashika makoti ya wanangu kwa mikono hiyo," akaniambia. Sisi tukavaa viatu.

Tuko kwenye nyumba ya zamani ya watawa, wanawake na watoto mia mbili. Upepo unaingia kila mahali na mkate unaingia mara moja kwa siku.

Kuna mtu aliandika. Niliona kwa mbali ndani ya faili, karatasi ya daftari yenye mistari. Namshuku mke wa msimamizi wa karakana ya makoti, tangu siku niliposhona haraka kuliko yeye. Mungu amlipe anachostahili.

Sasa ninaomba. Kamanda wa kambi anasema mwanamke aliyezaliwa Ufaransa anaweza kuachiwa akidhaminiwa na baba au kaka. Barua moja tu ya Baba, yenye sahihi ya meya. Ferréol akiongeza ya kwake, askari wa mstari wa mbele, nitatoka siku ileile. Mwambie Baba. Mwambie Rosine anakohoa.

Octavie

Les Combottes, 2 Februari 1915

Dada mpendwa,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Natumaini kikohozi cha Rosine kimepungua. Fleurette amezaa ndama dume. Insha yangu kuhusu wajibu wa raia imechaguliwa isomwe mbele ya mkaguzi wa shule, na aliniuliza jina langu mara mbili ili alikumbuke.

Kuhusu dhamana, Baba ana shughuli nyingi wakati huu. Nitazungumza naye tena hali ya hewa ikiwa nzuri.

Nimehuzunika kuhusu karatasi ile. Nadhani aliyeiandika huenda hakukusudia ubaya. Huenda alieleza tu mambo yalivyo, akiamini kwamba wenye mamlaka wakiyajua watayanyoosha.

Nimekisoma kifungu chote, Dada, na mwisho wake una mlango. Ndoa ikivunjika kwa kifo au kwa talaka, mwanamke anaweza kuomba arudishiwe uraia wake. Talaka ni karatasi tu. Haiondoi upendo. Ukiomba talaka unakuwa Mfaransa, ukiwa Mfaransa unatoka kambini na Rosine wako mkononi, na vita vikiisha mtaoana tena. Nimekuandalia mfano wa ombi, umo ndani ya bahasha. Nimeacha nafasi ya tarehe.

Noémie

Kambini, 24 Februari 1915

Profesa,

Ombi lako ni zuri sana. Kamanda alilisifu kabla hajanipa.

Nimtaliki niwe Mfaransa, kisha niolewe naye tena niwe Mjerumani. Uliyafikiria haya peke yako, au mlisaidiana darasani? Mume wangu hajanikosea kitu. Nimtaliki mtu kwa sababu ya mahali alipozaliwa, jambo ambalo hata mama yake alilifanya bila kumuuliza?

Humu Wajerumani wa kweli wanatuita Wafaransa na hawataki tusogee jikoni. Walinzi wanatuita Boshi. Jirani yangu wa kitanda, Philomène, mtu wa Lyon aliyeolewa na mwoka mikate wa Vienna, anasema sisi ni raia wa ngazini, maana ngazini ndiko wanakotuacha tukae. Jana alikuuliza, kupitia kwangu, kama hiyo Jamhuri yako ya hiari itakupa kura siku moja, au itakuacha nyumbani ukoroge uji huku Baba akienda kupiga kura kwa niaba ya nyumba nzima. Nilimwambia wewe una matumaini. Akasema nikupe pole.

Rosine amekonda. Usiku kifua chake kinapiga filimbi.

Na kitu kingine. Barua yako ina kurasa mbili, ina ng'ombe, ina ndama, ina mkaguzi wa shule. Ferréol hayumo hata kwa mstari. Kwa nini?

Octavie

Les Combottes, 20 Machi 1915

Dada yangu,

Kaa chini kwanza, na kama Philomène yuko karibu mwombe akae nawe.

Ferréol aliuawa tarehe 17 Desemba. Meya alikuja mwenyewe, kofia mkononi. Baba alimsikiliza akiwa amesimama, akamshukuru, akarudi kwenye meza ya saa na kumaliza gurudumu alilokuwa ameanza. Nilipompelekea ombi lako la dhamana mwezi wa Januari, alinijibu mara moja na hajarudia tena.

"Wajerumani wamenichukulia watoto wawili," alisema. "Mmoja wamemuua, mmoja wamemwoa. Usiniletee karatasi zao."

Sikuweza kukuandikia haya. Nilidhani ukitoka kwanza, utayasikia hapa nyumbani, na yatakuwa mepesi kidogo.

Lakini nina habari njema, na ndiyo maana leo nimepata nguvu ya kukuambia yote. Nimegundua jambo katika sheria, na nimelihakikisha katika vitabu viwili. Mtoto aliyezaliwa Ufaransa na mama ambaye naye amezaliwa Ufaransa ni Mfaransa, hata kama baba ni mgeni. Rosine ni raia, Dada. Hana kosa na hana sababu ya kukaa kambini hata siku moja. Nimeandika kwa wahusika na wamenijibu kwa heshima. Baba amekubali kumpokea. Alifikiri siku mbili, kisha akasema mtoto ni wetu na chumba cha Ferréol kina jua. Kifua chake kitapona huku.

Kuhusu wewe, Baba bado. Lakini mtoto akishakuwa ndani ya nyumba, moyo wake utalainika. Ninaamini hivyo.

Noémie

Kambini, 11 Aprili 1915

Noémie,

Walimchukua Jumatano. Alikuja mama mmoja wa chama cha msaada, kofia nzuri, peremende mfukoni. Rosine alikubali peremende, akakubali mkono, na alidhani tunatoka wote. Kwenye geti aligeuka kuniangalia nimekawia nini.

Nilikuwa nimemuuliza kamanda, kama mtoto ni Mfaransa kwa sababu mama yake amezaliwa Ufaransa, mama yake ni nani? Akasema, "Mama ni Mjerumani, bibi. Si mimi niliyetunga sheria." Si mtu mbaya. Aliniwekea barua mbele yangu ili nitie sahihi kwamba nimeiona.

Mwandiko ule nilikufundisha mimi. Mama alikuwa amekufa, ulikuwa na miaka mitano, nilikushika mkono kwenye meza ya jikoni mpaka herufi zako zikasimama wima. Sikuhitaji kusoma jina chini. Kisha kamanda akafunua karatasi za nyuma za faili, na ile ya Novemba ilikuwepo, karatasi ya daftari, yenye mistari. "Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, ninakuandikia kwa imani ya raia." Niliisoma yote. Umeeleza ninapoishi mpaka ghorofa.

Sitakuuliza kwa nini. Ungenijibu, na jibu lingekuwa zuri.

Kuhusu Ferréol siwezi kuandika. Mlinzi aliyeniona nalia aliuliza nani amekufa, nikamwambia kaka yangu, askari. Akauliza, "Wa upande gani?"

Nimemwandikia Anselm kwamba naomba talaka. Nitatumia mfano wako. Sasa nataka mwanangu, na nitatia sahihi chochote.

Octavie

Les Combottes, 9 Mei 1915

Dada,

Rosine ni mzima. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo unalolitafuta kwenye karatasi hii. Kikohozi kimeisha tangu wiki ya pili. Anakunywa maziwa ya Fleurette na anamfuata Baba zizini. Baba amemchongea mbuzi wa mti.

Ni kweli, niliandika mimi. Nilitaka kukuambia mwezi wa Januari, ulipomtaja mke wa msimamizi, na nikaona nikikuambia hutanisikiliza tena juu ya kifungu cha sheria, na kifungu ndicho kilikuwa njia ya kukutoa. Nilidhani watakujibu kwa cheti. Kila siku nilikwenda posta ya shule kuuliza kama cheti kimefika. Siku mkaguzi aliposifu insha yangu nilikuwa bado nakingojea.

Kuna mambo mawili utayasikia kwa mtu mwingine nisipoyasema. Baba amewaambia majirani kwamba Rosine ni yatima wa wakimbizi kutoka kaskazini. Anasema ni kwa ajili ya usalama wa mtoto, asije akatupiwa mawe. Na anamwita Rose Pourcelot. Mwanzoni Rosine alikuwa anasahihisha. Wiki mbili za kwanza aliuliza habari zako kila jioni, kisha asubuhi tu. Sasa haulizi sana, na daktari anasema hiyo ni dalili ya kupona.

Harakisha talaka, Dada. Kila siku moja ni siku.

Noémie

Kambini, 6 Juni 1915

Noémie,

Ombi limerudi. Hakimu hakulifungua. Raia wa nchi adui hawezi kufungua kesi katika mahakama za Ufaransa. Ili niwe Mfaransa lazima nipate talaka, na ili nipate talaka lazima kwanza niwe Mfaransa. Nilipomsomea Philomène alicheka mpaka akakaa ngazini.

Anselm alikuwa ameshajibu. Mistari mitatu. Anakubali, nisimwonee huruma, na ameacha kuvaa pete ili azoee. Nimemwandikia mara mbili kumweleza kwamba talaka imekataliwa. Hajibu.

Imebaki njia moja, na haimhitaji Baba. Amri mpya inasema mwanamke mzaliwa wa Ufaransa anaweza pia kudhaminiwa na mtumishi wa serikali anayeifahamu familia yake. Kamanda ameniambia mwenyewe kwamba barua ya mwalimu inatosha. Una Bi Thiévent. Anakupenda. Mwambie jina langu, mwambie kwamba yule mwanamke wa swali lako la darasani ni dada yako, aandike mistari mitano. Nitaishi popote watakaponiweka, nitafua nguo za watu, lakini nitamwona Rosine Jumapili.

Uliandika barua mbili bila kuombwa. Hii nakuomba. Wana orodha ya kutupeleka Ujerumani kwa treni, na asiye na dhamana mpaka mwisho wa Julai anaambiwa achague: treni, au kambi mpaka vita viishe.

Octavie

Mjini, bwenini, 18 Julai 1915

Dada mpendwa,

Rosine ni mzima, amejifunza kuhesabu mpaka ishirini. Baba pia.

Nimefaulu mtihani. Nafasi zilikuwa kumi na nne na nimekuwa wa tatu. Ninakuambia kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine niliyetaka ajue kabla yako.

Barua yako ilichelewa njiani, ikanifikia Jumanne. Niliamua kumwendea Bi Thiévent Alhamisi baada ya masomo, na nilikuwa nimejiandaa nitakavyoanza. Jumatano tuliitwa wasichana tuliofaulu kujaza fomu za kuingia Chuoni. Swali la tisa lilisema: je, mtahiniwa ana ndugu wa karibu ambaye ni raia wa nchi adui? Chini yake kulikuwa na maelezo kwamba anayejibu ndiyo atasubiri uchunguzi, na nafasi yake itapewa anayefuata. Anayefuata ni Sidonie.

Wino ulikauka kwenye ncha ya kalamu mara mbili. Bi Thiévent alikuwa amesimama nyuma yangu, akadhani nimechoka. Aliniwekea mkono begani.

"Jibu tu, binti," alisema. "Kwako wewe hili ni swali rahisi."

Niliandika hapana.

Utaona kwamba baada ya hapo sikuweza tena kumwendea. Angejua nimesema uongo kwenye karatasi ya serikali, mbele ya macho yake, na ingekuwa lazima aseme. Nimelifikiria kila upande. Ningemwambia, ningepoteza nafasi na huenda wewe usingepata barua. Lakini nikishakuwa mwalimu mimi mwenyewe, baada ya miaka mitatu, nitakuwa mtumishi wa serikali, na dhamana nitaiandika mimi. Bado nina matumaini, Dada. Vumilia kambini. Usipande treni.

Noémie

Kambini, 1 Agosti 1915

Noémie,

Hongera kwa kuwa wa tatu.

Treni inaondoka Alhamisi, kupitia Uswisi. Mama yake Anselm ameandika kwamba ana kitanda na kwamba hana kinyongo. Nimemwelewa kwa msaada wa mwenzetu mmoja aliyenitafsiria. Philomène anabaki. Niliuliza kama naweza kumchukua Rosine tukipita Uswisi. Haiwezekani, kwa sababu raia wa Ufaransa hapelekwi kwa adui.

Mguu wake wa kushoto ni mkubwa kidogo, viatu vipimwe kwa huo. Akikataa kula, mwacheni, msimbembeleze, atarudi mwenyewe. Maji ya masikioni yanamtisha. Nywele msizikate zote.

Jana karani alinijazia karatasi ya safari. Aliniuliza kama naacha ndugu wa karibu Ufaransa. Nikamtajia Rosine, miaka minne kasoro, Les Combottes. Akaandika, akauliza kama kuna mwingine. Nikasema hakuna. Akasema vizuri, maana fomu ina nafasi ya jina moja tu.

Octavie Rombach